Petro Bado Anabisha

Somo: Matendo ya Mitume 12:1–17



Sura hii ya 12 huwa tunaihubiri kwa ajili ya malaika. Minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe, na Petro anajikuta barabarani usiku akidhani anaota. Mahubiri mengi huishia hapo, watu wakapiga makofi na kwaya ikaitwa. Luka hakuishia hapo. Anamfuata Petro hadi nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana aitwaye Marko, ambako watu wengi wamekusanyika wakiomba. Petro amepita vikosi vinne vya askari wanne wanne, amepita zamu ya kwanza na ya pili ya walinzi, amepita chuma. Anakuja kukwama kwenye lango la waumini wenzake.

Msichana mmoja, Roda, anatoka kusikiliza ni nani. Anaitambua sauti. Furaha inamzidi, anarudi ndani mbio kupeleka habari, na lango analiacha kama lilivyokuwa. Wenyeji wanamwona kichaa. Anaposhikilia, wanamtafutia maelezo ya kiroho: huenda ni malaika wake. Yanakuwa mabishano. Na muda wote huo mtu wanayemwombea yuko nje anabisha, katika mji ambao Herode amekwisha kumuua Yakobo, nduguye Yohana, kwa upanga.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya walimu na wazazi wetu. Ni likizo, na siku hizi shule nyingi zinatoa kazi za likizo kwa njia ya darasa la mtandaoni. Kwa hiyo ofisi ya mchungaji imegeuka baraza la mashauri. Mzazi anakuja kulalamika kwamba kazi ya mtoto haifunguki. Mwalimu, naye muumini wetu, anakuja kulalamika kwamba kazi ameshaituma tangu wiki iliyopita na watoto wa siku hizi hawataki kusoma. Hakuna anayedanganya. Kila mmoja anasema anachokiona akiwa upande wake wa lango.

Jambo hili si geni sana kwetu. Google Classroom imekuwepo tangu 2014, na Moodle, ambayo vyuo vikuu vyetu kadhaa vinaitumia, ina umri wa zaidi ya miaka 20. Lakini wengi wetu tulisukumwa ndani yake kwa ghafla mwaka 2020, pale Korona ilipofunga shule Tanzania na Kenya mwezi Machi, ndani ya wiki moja. Mwalimu aliyezoea chaki na ubao alipewa akaunti na nenosiri, akaambiwa afundishe. Wengine walipata semina ya nusu siku. Tuliokuwa nje ya darasa tulishangilia teknolojia, kisha tukaenda zetu. Tangu hapo mwalimu huyo anajifunza peke yake, kwa kukosea, mbele ya watoto wa watu.

Sasa nimsimulie mama mmoja, bila kumtaja jina wala kuitaja shule. Alinisubiri baada ya ibada, akanisalimu, kisha akasema, "Mchungaji, mwanangu ameandikiwa sifuri." Binti yake yuko kidato cha pili. Kazi yake ilikuwa ndani ya faili, na kila akigusa kiungo, simu inamjibu kwamba anahitaji ruhusa. Akabonyeza palipoandikwa aombe ruhusa. Akangoja. Kesho yake akaomba tena. Mwalimu hakujibu, na tarehe ya mwisho ikapita.

Mwalimu alipoulizwa alishangaa kweli. Maombi yote aliyaona, alisema, ila yalitoka kwa mwanaume asiyemfahamu, naye hakuwa tayari kumfungulia mtu wa namna hiyo kazi za wanafunzi. Mwanaume gani? Mama akacheka kwa uchungu. Simu ile ni yake, aliinunua dukani, na kijana wa duka ndiye aliyemfungulia akaunti ya barua pepe siku ile ile, akajaza jina lililomjia kichwani. Binti alikuwa amepewa akaunti nzuri ya shule, lakini kwenye simu ya mama akaunti iliyotangulia ilikuwa ile ya dukani, na kiungo kilifunguka kupitia hiyo. Mfumo ukamwona mgeni, na mwalimu akamwona mgeni. Sauti ilikuwa ya mtoto wa darasani kwake, jina lilikuwa la mtu mwingine.

Tafadhali msimlaumu mwalimu haraka. Alichofanya ndicho tunachowafundisha: usimfungulie usiyemjua. Walio nyumbani kwa Mariamu nao walikuwa na sababu. Usiku, mjini kuna mauaji, mtu anagonga, na anayeleta habari ni kijakazi aliyechanganyikiwa kwa furaha. Lango lililofungwa ule usiku lilikuwa busara. Ninachowadai wale watu ni kidogo sana: mmoja wao angeinuka akaenda kuangalia. Badala yake walitumia muda kuujadili ushuhuda wa Roda, wakati ushahidi ulikuwa hatua chache kutoka walipokaa, na ulikuwa unapiga kelele.

Ndiyo maana neno langu la kwanza kwa mwalimu ni hili: mtoto akisema haifunguki, anza kwa kumwamini, halafu umuulize anaona nini. Maneno yaliyo kwenye skrini yake yana maana, na hayafanani. Akiona maneno ya kuomba ruhusa, faili ipo, tatizo ni akaunti au mipaka uliyoiweka. Akiambiwa faili haipo, huenda mwenye faili ameifuta, na katika hifadhi ya Google faili iliyofutwa hukaa kwenye pipa la taka siku 30 kabla ya kupotea kabisa, kwa hiyo wahi. Akiona duara linazunguka bila mwisho, hapo hakuna kosa la ruhusa. Ni mtandao dhaifu au bando limekwisha, na dawa yake ni faili nyepesi. Mwambie apige picha ya skrini akutumie. Picha moja itawaokoa wote wawili na ugomvi wa wiki nzima.

Kwa akaunti zilizochanganyika, kama ile ya dukani, tiba ni fupi. Kwenye programu za Google, kona ya juu kulia kuna kiduara chenye picha au herufi ya jina. Mtoto akiguse, aongeze akaunti ya shule kama haipo, aichague, kisha afungue darasa kupitia programu yenyewe, si kwa kugusa kiungo kilichorushwa WhatsApp. Mzazi asiyejua haya si mjinga. Hajaonyeshwa, basi.

Lakini lipo kosa linaloanzia kwa mwalimu, nalo ndilo lililonifanya nimkumbuke Roda. Roda hakumkataa Petro. Alimpenda hata akasahau kumfungulia. Mwalimu anaandaa notsi usiku kucha, anaziweka mtandaoni, anatangaza, na kwa furaha ya kumaliza anasahau kwamba ametangaza tu. Tazama inavyotokea. Ukiiambatisha faili yako kwenye kazi ndani ya Google Classroom, mfumo wenyewe huwapa wanafunzi wa darasa hilo ruhusa ya kuiona. Hapo uko salama. Lakini ukiandika ndani ya faili hiyo, "someni pia hapa," ukaweka kiungo cha faili ya pili, ile ya pili haifunguliwi na mtu. Mwanafunzi anaingia lango la nje, anakutana na lango la ndani limefungwa. Wewe unapobonyeza kiungo kile kile kinafunguka bila shida, kwa sababu faili ni yako. Mwenye nyumba hajawahi kuzuiwa na kufuli lake mwenyewe, kwa hiyo hawezi kulijua kwa kukaa sebuleni.

Tena kuna ujanja mwingine wa mfumo, ambao nauona ni mtego hasa. Akaunti ya shule mara nyingi imewekewa mipaka na msimamizi wake, faili zisitoke nje ya shule. Mwalimu anabadilisha ruhusa, anasoma kwamba kila mwenye kiungo anaweza kutazama, anatulia. Akisoma vizuri ataona ni kila mwenye kiungo wa shule hiyo. Mtoto anayetumia barua pepe ya nyumbani atabaki nje hata akiomba mara mia, na hapo mwalimu mwenyewe hana ufunguo. Aende kwa msimamizi wa mfumo au ampeleke mtoto kwenye akaunti ya shule.

Na maombi ya ruhusa huenda wapi? Huenda kwenye barua pepe ya mwenye faili. Hili wengi hawalijui. Kama notsi uliziazima kwa mwalimu wa shule jirani ukaweka kiungo chake, wanafunzi wako wanabisha kwake, naye hawajui. Kama faili ni yako, wanabisha kwenye sanduku la barua pepe ambalo pengine hujalifungua tangu muhula uanze, maana mambo yetu yote tunayamalizia WhatsApp. Isitoshe, akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya GB 15 kwa barua pepe, faili na picha kwa pamoja. Picha za harusi na video za uinjilisti zikiijaza, faili mpya hazipandi na barua haziingii. Yaani mtu anabisha, na hata mlio haukufikii. Wapo wanaoomba kwa kufunga wapate wanafunzi wenye bidii, na majibu ya maombi yao yamelala kwenye barua pepe, yana tarehe na saa.

Sitaki kugusa kila kitu, kwani hii si semina ya TEHAMA. Lakini mambo machache yanaumiza watoto kiasi kwamba siwezi kuyaruka. Unapotoa kazi ya kujazwa, mfumo unakuuliza wanafunzi waione tu, waihariri, au kila mmoja apewe nakala yake. Ukichagua waihariri, darasa zima linaandika kwenye karatasi moja, na majibu ya mtoto mmoja yanafutwa na kidole cha mwenzake. Chagua nakala kwa kila mmoja, tena mapema, kwa sababu ukishatoa kazi nafasi hiyo hairudi. Likikupata baya, faili ina historia ya matoleo. Fungua, rudi kwenye toleo la jana, usimwadhibu mtoto kwa kazi aliyoifanya ikafutwa. Na mtoto akishakabidhi kazi, hawezi tena kuiandika mpaka umrudishie au aiondoe mwenyewe. Wengi hudhani simu imeharibika.

Wanaotumia Moodle wana mateso ya aina nyingine. Mara nyingi somo limefichwa. Mwalimu analiona kwa sababu ni mwalimu, wanafunzi hawaoni hata kivuli. Mara nyingine seva imewekewa kikomo cha ukubwa wa faili. Zipo seva ambazo kikomo hicho ni MB 2, wakati picha moja ya simu janja ya leo yaweza kuzidi hapo. Mtoto ameandika majibu kwa mkono kurasa sita, amezipiga picha vizuri, mfumo unazitema moja moja. Afundishwe kuziskani ziwe PDF moja nyepesi. Na wenye iPhone wajue kwamba tangu 2017 simu zao huweza kuhifadhi picha kwa muundo wa HEIC ambao kompyuta nyingi za shuleni haziufungui. Wabadilishe iwe JPEG kabla ya kutuma.

Katika yote hayo ipo njia moja ya kujua ukweli, nayo inahitaji unyenyekevu kuliko utaalamu. Toka nje, usimame alipo mwanafunzi. Kama faili umeikusudia iwe wazi kwa kila mwenye kiungo, fungua kivinjari kwa hali fiche, ambako hujulikani kuwa ni wewe, ubandike kiungo uone. Kama ni ya darasa tu, hali fiche itakukatalia na itakuwa sahihi kukukatalia. Hapo tumia akaunti ya pili iliyosajiliwa kama mwanafunzi, au azima simu ya mtoto mmoja dakika mbili. Moodle imekurahisishia, inakuruhusu kubadili nafasi na kulitazama somo kama mwanafunzi anavyoliona. Bwana wetu hakutusimamia kutoka mbinguni akishangaa kwa nini hatuelewi. Alishuka, akakaa kwetu, akaona kwa macho ya mwanadamu. Mwalimu Mkristo anayejaribu kiungo chake kwa simu ya mwanafunzi anafuata nyayo hizo, na sioni aibu kuliita tendo hilo ibada.

Najua litakuja swali: basi tufungue kila kitu kwa kila mtu, tupumzike? Hapana. Huo ni uvivu uliovaa nguo za ukarimu. Karatasi yenye alama za watoto, picha zao, namba za simu za wazazi, ripoti ya mtoto mwenye shida nyumbani, vyote hivyo vikiwekwa wazi kwa mwenye kiungo vitasafiri hadi kwa watu ambao hata Herode angewaona wabaya. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na shule zinahusika. Nyumba ya Mariamu ilihitaji lango. Ilihitaji pia mtu wa kulisimamia ambaye anasikia, anauliza, kisha anafungua. Luka hajatuambia ni nani hatimaye aliyefungua, anatuambia tu kwamba walipofungua walimwona, wakastaajabu. Na sababu ya kufungua ni moja: Petro hakuacha kubisha.

Hapo nina neno kwa vijana. Endeleeni kubisha, ila bisheni kwa jina lenu. Unapoomba ruhusa, mfumo unakupa nafasi ya kuandika ujumbe mfupi. Andika jina lako kamili, darasa lako, na kazi unayoiomba. Usiandike "naomba" ukanyamaza. Mtumie mwalimu na ujumbe wa simu, kwa adabu: "Shikamoo mwalimu, nimeomba ruhusa ya faili ya Jiografia kwa barua pepe ya shule." Usingoje usiku wa siku ya mwisho. Na usiitumie faili iliyogoma kama kisingizio cha kazi ambayo hukuwa na nia ya kuifanya. Sisi wazee tunawajua.

Kanisa nalo lisijifiche nyuma ya walimu. Tunarusha notsi za shule ya Jumapili kwenye kundi la WhatsApp, walimu wa watoto walioko vijijini wanashindwa kuzifungua, na Jumapili tunawauliza mbona hawakujiandaa. Tunaandaa fomu ya usajili wa kipaimara mtandaoni, halafu bibi anayemlea mjukuu anaonekana hajali. Kabla ya kusema kwamba washarika hawajibu, wazee wa kanisa tuulizane ni nani kati yetu amekwenda kwa bibi huyo akaishika simu yake mkononi. Mimi kwa upande wangu nimewaomba vijana wawili wanaoelewa mambo haya wakae ofisi ya usharika kila Jumamosi mwezi huu, kuanzia saa nne asubuhi. Mzazi yeyote mwenye simu inayogoma aje nayo, pamoja na karatasi ya shule yenye akaunti ya mtoto. Hakuna malipo.

Mwalimu, usingoje Jumatatu. Leo, ukitoka ibadani, fungua ile barua pepe ya shule, utafute maombi ya ruhusa, uyapitie moja baada ya jingine. Jina usilolifahamu usilifute kwanza. Piga simu, uliza ni mtoto wa nani. Na kama kuna mtoto uliyemwandikia sifuri kwa kazi ambayo hakuwahi kuiona, mrudishie siku zake.

Juma lijalo, Bwana akipenda, tutasoma sura ya 13, Barnaba na Sauli wanapotumwa kutoka Antiokia.